Moto Uliofichwa Chini ya Maji ya Kivu

Watu wakaao Goma, Sake na vijiji vilivyo kandokando ya ziwa Kivu wanalo neno moja ambalo mtoto hulijua kabla hajajua kusoma: mazuku. Ndiyo hewa mbaya itokayo katika ardhi ya volkeno na kujikusanya mabondeni na mashimoni, kati ya mawe meusi, kama maji yajikusanyavyo katika bakuli. Jicho haliioni. Mbuzi huingia shimoni kutafuta majani, akaanguka. Mchungaji akiinama kumvuta, huanguka yeye pia. Hatari yake ni kubwa zaidi usiku na alfajiri, kabla upepo haujaamka kuitawanya, na kwa hiyo wazazi hukataza watoto kucheza mashimoni jua lisipopanda.

Hewa hiyo wataalamu huiita hewa ya kaboni. Si kitu kigeni kwetu: ndiyo tuitoayo sisi wenyewe tunapopumua, na ndiyo iletayo povu katika chupa ya limonadi. Lakini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na pale inapojaa mtu hana cha kupumua.

Sasa, ndugu msomaji, sikia jambo hili. Hewa hiyo hiyo imo chini ya ziwa Kivu lenyewe, nyingi kupita kiasi. Na pamoja nayo imo nyingine iitwayo metani, ambayo tabia yake ni kuwaka moto. Ng'ambo ya Rwanda, huko Karongi, mji tuliozoea kuuita Kibuye, kipo kituo cha umeme kinachotumia metani hiyo. Gesi huvutwa kutoka vilindini, huchomwa katika mashine kubwa, na nyumba hupata mwanga. Kituo hicho huitwa KivuWatt. Kwingineko duniani hatujui ziwa lifanyalo kazi ya namna hiyo. Habari zake zawahusu watu wa pande zote mbili za ziwa, wale waliokwisha kupata taa na wale wanaozitazama kwa mbali.

Ziwa lenye orofa

Kivu lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 2,400, nalo liko juu kuliko maziwa yote makubwa yaliyo jirani yake, karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Penye kina kirefu kabisa, kamba yenye jiwe huhitaji meta 485 ili ifike chini.

Wavuvi wetu wanaijua orofa ya juu tu. Humo ndimo waishimo sambaza, samaki wale wadogo walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ni kitoweo cha maskini na tajiri pia. Mtu asafiriye usiku kwa boti kutoka Bukavu kwenda Goma huziona taa za wavuvi hao, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na huzisikia nyimbo zao. Lakini chini ya meta 60 hivi hakuna tena samaki. Maji ya huko hayana oksijeni. Ni nchi nyingine, ya giza, isiyo na kiumbe ila bakteria.

Kwa nini maji ya chini hayapandi juu yakachanganyika? Kwa sababu ni mazito. Chemchemi zilizo chini ya ziwa, zenye joto la volkeno, zinayatia chumvi na hewa ya kaboni. Ukimimina asali katika kikombe, kisha maji juu yake taratibu, vitu hivyo viwili vitakaa kila kimoja mahali pake usipokoroga. Ndivyo lilivyo Kivu. Maji yake yamepangika tabaka juu ya tabaka, na penye meta 260 hivi kuna ngazi moja kubwa, kana kwamba ni dari. Chini ya dari hiyo maji hukaa mamia ya miaka bila kuliona jua.

Humo ndimo gesi ilimojikusanya. Hewa ya kaboni yatoka zaidi katika volkeno. Metani ina chanzo cha namna mbili: sehemu hutengenezwa na bakteria wanaooza mabaki ya majani na viumbe yaliyozama chini, na sehemu hutengenezwa na bakteria wengine wanaoigeuza hewa ya kaboni yenyewe. Ni ajabu kuona viumbe wasioonekana kwa macho wakitengeneza kuni za nchi nzima.

Wanafunzi wapendao hesabu watapenda kujua kiasi chake. Fikirini sanduku lenye urefu wa kilometa moja, upana wa kilometa moja, na kimo cha kilometa moja. Hewa ya kaboni iliyomo ziwani, ikitolewa nje, ingejaza masanduku ya namna hiyo yapatayo 300. Metani ingejaza yapata 60.

Chupa ya limonadi

Basi, gesi nyingi hivyo yakaaje majini isitoke? Nendeni mkaangalie chupa ya limonadi ambayo haijafunguliwa. Maji yake ni matulivu, hamwoni povu hata kidogo. Gesi imo, lakini imebanwa. Fungueni kizibo, na papo hapo mapovu yanapanda. Chini ya Kivu hakuna kizibo. Kizibo ni uzito wa maji yenyewe. Penye kina cha meta 350 maji hubana kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 30 ya ile tuliyo nayo hapa juu, na gesi imeyeyuka humo kama sukari katika chai.

Juu ya jambo hilo moja ndipo imesimama kazi yote ya mtambo. Umbali wa kilometa 13 hivi kutoka ufukoni, chombo kikubwa cha chuma kinaelea, kimefungwa kisihame. Kutoka tumboni mwake mabomba yanashuka hadi meta 350. Kwa kuanza, pampu huvuta maji. Lakini maji yanapoanza kupanda, kubanwa kwake kunapungua, mapovu yanazaliwa, na mapovu hayo yanayafanya maji ndani ya bomba kuwa mepesi. Tangu hapo maji hupanda yenyewe, bila kusukumwa. Mwenye kufungua chupa iliyotikiswa amekwisha kuiona nguvu hiyo, na pengine imemharibia shati.

Karibu na uso wa ziwa gesi hutenganishwa na maji. Bado haifai, maana metani imechanganyika na hewa ya kaboni iliyo nyingi, nayo haiwaki. Kwa hiyo huoshwa kwa maji: hewa ya kaboni huyeyuka upesi zaidi kuliko metani, ikabaki katika maji ya kuoshea. Metani iliyosafishwa hupita katika bomba hadi nchi kavu, ndiko ziliko mashine tatu kubwa zinazoichoma na kuzungusha vitambo vya umeme. Nguvu yake yote ni megawati 26. Kama kila taa ya nyumbani yala wati 10, hizo ni taa milioni mbili na zaidi zikiwaka kwa saa moja.

Na yale maji yaliyokwisha kutolewa gesi? Hapa ndipo penye busara ya kazi hii. Yangemwagwa juu ya ziwa, yangeleta vilindini mwake vitu vya kurutubisha majani ya majini na hewa chafu isiyofaa kwa samaki. Sambaza wangekufa, na wavuvi pamoja na watoto wao wangelala na njaa. Yangerudishwa mahali pasipofaa, yangeweza kutoboa ile dari tuliyoitaja. Kwa hiyo yanarudishwa chini sana, chini ya makao ya samaki, karibu meta 240. Mwaka 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika masharti ya kufuatwa na kila atakayechimba gesi humo, na sharti la kurudisha maji mahali pake ni moja ya yaliyo makubwa.

Waliotangulia

Msidhani kwamba jambo hili limegunduliwa jana. Mnamo 1935 mtaalamu Mbelgiji Hubert Damas alikuja kuyapima maziwa ya nchi hii. Alishusha vyombo vyake katika Kivu akakuta vilindi visivyo na uhai, vilivyojaa gesi. Katika miaka ya 1950 wengine walirudi kupima vizuri zaidi, wakatambua kwamba metani ni nyingi mno. Na kuanzia 1963, huko Rubona karibu na Gisenyi, mtambo mdogo ulivuta gesi na kuipeleka katika kiwanda cha bia, ikachemshia maji ya kiwanda hicho kwa muda wa miaka 40 hivi. Ndiyo kusema bia ilitangulia taa! Wengine watacheka, wengine watatikisa kichwa. Lakini mtambo huo mdogo ulionyesha kwamba kazi yawezekana, na ziwa halikughadhibika.

Mwaka 2008 upande wa Rwanda uliwasha mtambo wa majaribio wa kutoa umeme. Kisha ikaja KivuWatt, iliyojengwa na kampuni ya ContourGlobal. Ilizinduliwa mwezi wa Mei 2016. Baadaye mtambo mwingine ulijengwa upande wa Rubavu, uliokusudiwa kufikia megawati 56.

Hofu ya watu, na vipimo vya wataalamu

Yafaa tuseme wazi jambo linalowasumbua wengi. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, katika nchi ya Kameruni, ziwa dogo liitwalo Nyos lilitapika hewa yake ya kaboni. Wingu hilo zito liliteremka mabondeni likafika vijiji vilivyo mbali kilometa 20 na zaidi. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wakiwa usingizini, na ng'ombe maelfu pamoja nao. Miaka miwili kabla yake ziwa Monoun, katika nchi hiyo hiyo, lilikuwa limeua watu 37. Walikuwa mazuku, ila si ya shimo moja. Yalikuwa mazuku ya bonde zima.

Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara zaidi ya 1,000 kwa eneo, na kandokando yake waishi watu zaidi ya milioni mbili. Hapo kila mtu aweza kukamilisha fikira mwenyewe.

Tena volkeno haiko mbali. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Watu waliuliza: je, ziwa litalipuka? Wataalamu walipopima walikuta kwamba mawe ya moto hayakushuka hadi penye gesi nyingi, na vilindi havikutikisika. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena. Siku tano baadaye wakuu wa mkoa waliamuru mitaa mingi ya Goma ihamwe, kwa kuwa moto ulikuwa umejipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Wengi wanaosoma mistari hii wanakumbuka njia ya Sake siku ile: magodoro vichwani, watoto mgongoni, wagonjwa juu ya pikipiki, na boti za kwenda Bukavu zilizojaa hata pomoni. Ziwa lilitulia. Lakini hofu waliyoionja watu siku ile haikuwa ya bure.

Pamoja na hayo tusiikuze kupita kweli. Miaka iliyopita ilisemwa kwamba gesi inaongezeka upesi, na ya kuwa katika karne hii ziwa laweza kufikia kiasi chake cha mwisho. Mwaka 2018 vikundi vya wataalamu, kila kimoja na vyombo vyake, vilipima pamoja, ili kazi ya mmoja isahihishe ya mwingine. Matokeo yaliyotolewa 2020 yalionyesha kwamba gesi haikuongezeka kwa namna ya kuonekana tangu vipimo vya zamani vya miaka ya 1970. Tena hata pale ilipo nyingi zaidi, imefikia karibu nusu tu ya kiasi ambacho maji ya huko yaweza kukibeba. Kinachoogopwa, basi, si kwamba chupa itajifungua yenyewe kesho. Kinachoogopwa ni mtikiso mkubwa utokao chini, kama volkeno kupasuka vilindini.

Hapo ndipo kituo cha umeme kinapopata maana yake ya pili. Kila siku kinapofanya kazi, kinapunguza kidogo kile kiogopwacho. Kidogo, twasema, kwa mtambo mmoja wa megawati 26 ziwa haliwezi kumalizika gesi yake katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu. Huko Nyos waliweka mabomba kuanzia 2001 ili kuitoa hewa ya kaboni, nayo ilirushwa juu bure, kwa kuwa haifai kitu. Sisi tumejaliwa metani: kazi ya kuondoa hatari yaweza kujilipa yenyewe.

Maji hayana mpaka

Ziwa hili huwapa watu nguvu kwa njia mbili. Kwa upande wa kusini, hapo Bukavu, maji yake hutoka kwa mto Ruzizi kushuka hadi Tanganyika. Mtambo wa kwanza wa Ruzizi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa pili, wa 1989, ni mali ya nchi tatu pamoja, yaani Kongo, Rwanda na Burundi, na umeme wake hugawanywa kwao. Miaka mingi Bukavu, Bujumbura na Kigali zimeonja kikombe kimoja: mtambo ukiharibika, giza hushuka katika miji ya nchi zote tatu.

Lakini mitambo ya maji yategemea mvua. Mwaka 2004 maziwa ya Rwanda yaliyolisha mitambo yake yalipungua sana, na nchi ikalazimika kukodi mashine za mazuti, mafuta yanayopanda malori kutoka bandari za mbali, Mombasa na Dar es Salaam, na ambayo bei yake humla maskini. Gesi ya Kivu haingojei mvua wala lori. Ipo wakati wa kiangazi kama wakati wa masika, usiku kama mchana. Kwa sababu hiyo nchi isiyo na mafuta yake yenyewe iliiona kuwa ni akiba.

Na akiba hiyo ni ya nani? Mwaka 1975 Rwanda na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, zilipatana kuwa gesi ya ziwa itumiwe kwa ushirikiano. Haikuwezekana vinginevyo. Mpaka uliochorwa kwenye karatasi hauwezi kuyazuia maji: mmoja akivuta vizuri, wote wanapata usalama, mmoja akivuta vibaya, dari inatoboka kwa wote. Mapatano yalikuwa mazuri. Lakini zikaja vita, wakimbizi, chuki na kushukiana, na karatasi ilibaki karatasi kwa miaka mingi, huku kila upande ukitafuta njia yake.

Kongo haikukaa bila kufanya neno. Katika ghuba ya Kabuno, kaskazini-magharibi ya ziwa, hewa ya kaboni iko karibu sana na uso wa maji, haifiki meta 15. Ndiyo sehemu iliyowatia wataalamu wasiwasi kuliko nyingine zote, na kazi ya kuipunguza ilianzishwa kwa mabomba. Mwezi wa Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza kuuza haki za kuchimba katika sehemu tatu za ziwa, na mwanzoni mwa 2023 ikataja kampuni zilizochaguliwa. Kisha Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na Februari Bukavu. Mpaka siku hiyo hapakuwa hata taa moja upande wetu iliyowashwa kwa metani.

Twaandika haya bila wivu kwa jirani. Aliyewahi kuwasha taa amefanya kazi yake, tena amewafundisha wengine kwamba yawezekana. Lakini mama wa Goma hawezi kupikia mapatano ya 1975. Yeye hupikia makala. Na makala hayo mengi yatoka katika miti ya hifadhi ya Virunga, iliyokatwa usiku kwa siri, hata milima iliyokuwa ya kijani imebaki na vipara. Walinzi wa hifadhi wameuawa kwa ajili yake.

Simameni asubuhi kwenye barabara iteremkayo Goma kutoka kaskazini. Chukudu zinashuka, zile baiskeli za mbao zisizo na minyororo, kila moja na magunia yake ya makala yaliyofungwa kwa kamba, na kijana mmoja amepiga goti juu yake akishindilia mguu kwenye gurudumu ili asipite kasi. Anatoka jasho, naye atapata fedha chache. Mbele yake, mwisho wa barabara, ziwa linaonekana, tulivu, la rangi ya samawati.